Nilimtetea baba asiitwe kipofu, akaniambia nimemwaibisha

Shikamoo Mwalimu,

Nimekosana na watu watatu kwa alasiri moja, na kilichotukosanisha ni neno moja tu: kipofu.

Nina miaka 36, nimeolewa, nina watoto wawili na naishi Umoja, hapa Nairobi. Baba yangu haoni. Surua ilimpofua akiwa na miaka minne. Alisoma katika shule ya vipofu ya Thika, akaijua breli hivi kwamba hadi leo vidole vyake vinasoma haraka kuliko macho yangu. Baadaye aliajiriwa kuwa opereta wa simu katika ofisi moja mjini. Alikalia kiti hicho miaka 27, mpaka mitambo mipya ilipoletwa na watu wa kazi yake wakaambiwa waende nyumbani. Kwa mshahara huo alisomesha watoto wanne.

Mimi ndiye kitindamimba, na mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Tangu nikiwa darasa la pili nilimshika mkono kila asubuhi kutoka nyumbani hadi steji ya matatu pale Jogoo Road, kisha nikakimbia shuleni. Njiani watoto waliniita "mtoto wa kipofu". Dukani, muuzaji alinitazama mimi na kuniuliza, "Anataka mkate gani?", na baba amesimama hapo hapo, pesa mkononi. Mimi nilijibu. Nilizoea kujibu.

Labda ndiyo sababu niliishia kwenye kazi hii. Natafsiri na kuhariri maandishi katika shirika linalotetea haki za watu wenye ulemavu. Ukutani mbele yangu pana karatasi ya maneno: usiseme kipofu, sema mtu mwenye ulemavu wa macho, usiseme zeruzeru, sema mtu mwenye ualbino, usiseme kilema, usiseme bubu. Naiamini karatasi hiyo, Mwalimu. Niliiandika mimi.

Mwezi wa Agosti tulimbatiza mtoto wetu wa pili. Baada ya ibada tulikuwa na sherehe nyumbani, tukakodi hema na viti. Wageni walipofika mama mkwe wangu alikuwa akipanga watu. Alikuwa ametenga kiti cha baba kwenye meza ya wazee, karibu na baba mkwe. Ghafla nikamsikia akisema kwa sauti, "Nani atashika huyu kipofu mkono amlete kwa meza?"

Sijui nini kilinipanda. Nilisema kwa nguvu, mbele ya kasisi na wageni wote, "Baba yangu si kipofu! Ni mtu mwenye ulemavu wa macho, na kwangu hatatukanwa!" Hema zima likanyamaza. Kisha baba akaniambia kutoka pale alipokaa, "Mama, mimi ni kipofu kweli. Keti tule." Watu wakacheka. Mama mkwe hakucheka. Alitoa leso yake begani, akaingia ndani, na hakutoka tena hadi jioni.

Tangu siku hiyo hajanipigia simu. Mume wangu anasema ni lazima niombe msamaha kabla ya Desemba, kwa sababu Krismasi tunakwenda kwao. Lakini nikiomba msamaha, si nitakuwa nimekubali kwamba baba aitwe vyovyote? Na nitarudije kazini kuwafundisha wengine?

Linaloniuma zaidi ni baba. Nilimpigia nikitarajia atanishukuru. Akaniambia, "Aliyeniaibisha ni wewe, si yeye." Akaniuliza tena kama hilo jina refu linalipa stima. Na juzi mwanangu wa miaka tisa alimsomea insha yake ya shule, "Mtu Ninayempenda". Alikuwa ameandika, "Babu yangu ni kipofu lakini akipoteza kitu anakipata kabla yetu." Mwalimu wake alikuwa amepiga mstari mwekundu juu ya "kipofu" na kuandika "mlemavu wa macho". Baba akamuuliza mtoto, "Kwa nini mwalimu amenifuta?" Nilikuwa jikoni. Nilishindwa kutoka.

Nifanye nini?

Macho ya Baba, Umoja

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu nilisimama kwenye swali la baba yako kuhusu ile kalamu nyekundu. Nimekuwa na kalamu hiyo mkononi zaidi ya miaka thelathini nikifundisha Kiswahili, kwa hiyo ninayokuandikia hapa nayaandika nikijua uzito wake.

Unaniambia kwamba neno moja ndilo lililowakosanisha. Nikuombe tuirudie pamoja sentensi nzima ya mama mkwe wako: "Nani atashika huyu kipofu mkono amlete kwa meza?" Sasa litoe lile neno, uweke la karatasi yako: "Nani atashika huyu mtu mwenye ulemavu wa macho mkono amlete kwa meza?" Isome kwa sauti. Je, moyo wako umetulia? Wangu haukutulia. Lile "huyu" bado lipo, na kwa Kiswahili mzee wa watu haitwi "huyu" mbele ya uso wake. Bado anasemwa badala ya kusemeshwa, kama mzigo unaotafutiwa mchukuzi, ilhali ana masikio na amekaa hatua chache tu. Mama mkwe angesema, "Mzee, meza iko tayari, nikushike mkono au utakuja na fimbo yako?", sidhani kama tungekuwa tunaandikiana leo.

Ndiyo maana nilipofika kwa muuzaji wa mkate nilihisi nimekupata. Jeraha lako la utotoni lina sehemu mbili. Watoto wa njiani walikuumiza kwa neno, lakini yule mwenye duka hakutumia neno baya lolote. "Anataka mkate gani?" ni sentensi safi kabisa, hata karatasi yako isingeigusa, na bado ilimfanya baba yako asiwepo.

Sasa naomba niseme jambo gumu, na nalisema kwa upole. Pale chini ya hema, mama mkwe aliuliza habari za baba yako kwa watu wengine, nawe ukajibu habari za baba yako kwa watu wengine. Hakuna aliyemuuliza yeye. Ulijifunza kumjibia ukiwa na miaka saba kwa sababu dunia ilikulazimisha, na hakuna aliyekuja baadaye kukwambia sasa unaweza kuacha. Hata mwisho wa barua umejiita Macho ya Baba. Ni jina zuri la upendo. Sijui kama alasiri ile baba yako alikuwa akihitaji macho, au alikuwa akihitaji tu nafasi ya kusema, ambayo hatimaye alijichukulia mwenyewe.

Nisieleweke kwamba naipuuza karatasi yako. Wapo wanaosema maneno ni maneno tu, na mtu anayekasirikia jina anatafuta ugomvi. Mkenya hawezi kusema hivyo kwa dhamiri safi. Tuliwahi kusikia majirani wakiitwa "madoadoa", neno la nguo chafu, na tunajua ni wapi lilipotufikisha: baada ya uchaguzi wa 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa. Neno lilitangulia kuwatoa majirani katika hesabu ya watu, panga likafuata. Neno "zeruzeru" nalo limebeba hadithi za vizuka na mizimu, na hadithi hizo zimewatoa watu roho katika eneo hili letu. Sensa yetu ya 2019 ndiyo ya kwanza kuwahesabu wenye ualbino nchini, na ikawapata 9,729. Kumhesabu mtu kunahitaji kwanza kumwita mtu. Hapo nakubaliana nawe bila kusitasita.

Lakini je, "kipofu" ni neno la aina hiyo? Hapa ndipo mwalimu wa lugha anapotatizika. Najua hoja inayotolewa: kwamba kipofu, kiziwi na kilema yamewekwa katika ngeli moja na kiti na kijiko, kwa hiyo lugha yetu inawafanya watu hawa kuwa vitu. Nimeifundisha hoja hiyo mimi mwenyewe. Baadaye nikaanza kujiuliza: mbona hatusemi hivyo juu ya kiongozi, kijana, kinyozi na kiranja? Na tunasema "kipofu amefika", hatusemi "kimefika". Upatanisho unamtambua kuwa mtu. Kilema ndilo linalonisumbua kweli, kwa sababu neno hilo hilo hutaja dosari na hutaja mtu mwenye dosari, kana kwamba mtu ameishia pale. Kipofu halifanyi hivyo. Linatokana na kupofuka, nawe mwenyewe umeandika kwamba surua "ilimpofua" bila kuona tatizo.

Neno hilo linachafuka linapotumiwa vibaya. Dereva anapomfokea mtu anayevuka barabara, "Wewe ni kipofu?", anawatukana wawili kwa mpigo. Ila hiyo ndiyo njia inayoweza kulipata neno lolote. Mwanaisimu Steven Pinker aliandika mwaka 1994 kwamba tukibadilisha neno na kuacha dharau mahali pake, dharau hulihamia neno jipya, nasi hutafuta jingine tena. Tazama majirani zetu Tanzania: kilikuwepo Chama cha Walemavu, na wakati huo "mlemavu" lilikuwa neno la heshima, shirikisho lililokuja baadaye likajiita la Vyama vya Watu Wenye Ulemavu. Katika nchi hiyo hiyo, viziwi wana chama chao, na jina lake tangu zamani ni Chama cha Viziwi Tanzania. Wasioona nao wamejiita Chama cha Wasioona. Kila kundi lilichagua lake. Huko Marekani, shirikisho kubwa la kitaifa la vipofu lilipitisha azimio mwaka 1993 kupinga ule mtindo wa kulazimisha "mtu mwenye" kabla ya kutaja upofu. Walisema wao ni vipofu, na si jambo la kuonewa haya hadi lizungushwe.

Baba yako anafanana nao. Hasemi kwa niaba ya wote wasioona Nairobi. Yuko kijana wa leo anayeona "kipofu" kuwa tusi, na ana haki yake. Lakini jaribu kufikiria neno hilo lilivyo kichwani mwa baba yako. Shule aliyopelekwa mtoto mdogo gizani, akatoka akijua kusoma, ilikuwa ya vipofu. Wenziwe wa bwenini walikuwa vipofu. Pengine ndani ya neno hilo kuna breli, kuna rafiki, kuna kiti cha opereta na mshahara uliosomesha wanne. Ndani ya neno hilo hilo wewe una barabara ya kwenda steji na watoto wanaokuzomea. Mnatamka herufi zilezile, na kila mmoja anapita njia yake.

Nikusimulie kisa. Miaka ya themanini nilifundisha shule ya msingi huko Eastlands. Darasani mwangu alikuwemo mvulana ambaye polio ilimwachia mguu mmoja mwembamba, na wenzake walimwita Kiguu. Nilikasirika kama ulivyokasirika wewe. Nilipiga marufuku jina hilo, na aliyelitamka alikiona. Lilikoma kwa wiki moja. Nikajipongeza. Kisha siku moja wakati wa mapumziko nikatazama dirishani, nikamwona kijana amekaa peke yake ukutani. Zamani walipaza sauti, "Kiguu, njoo ushike goli!", naye akaja akichechemea na akashika goli vizuri sana. Sasa waliogopa kukosea, basi wakaacha kumwita kabisa. Nilikuwa nimeliondoa jina, na mahali pake hapakuwa na kitu. Ilinibidi nimwite yeye mwenyewe, jambo nililopaswa kulifanya siku ya kwanza, nimuulize angependa wamwite nani. Akafikiri kidogo, akasema, "Kipa."

Namfikiria mama mkwe wako nikikumbuka ukuta ule. Katika barua yako kuna mstari mmoja umeupita mbio: alikuwa ametenga kiti cha baba yako kwenye meza ya wazee. Mdomo wake ulikosea, lakini mkono wake ulikuwa umeshamweka mzee mahali pa wazee. Wahenga walisema ukipenda, chongo huita kengeza. Yaani upendo hutafuta jina laini. Yapo pia mapenzi yasiyojua majina laini, yanayojua kutenga kiti tu. Huenda sivyo. Huenda kweli anamdharau baba yako, nawe umeona mengine ambayo hukuyaandika. Wewe ndiye unayemjua. Nakuuliza tu: hajakupigia simu kwa sababu ya hasira, au kwa sababu hajui tena atamtaja baba yako kwa neno gani?

Kuhusu msamaha, naona umeufunga kwenye fundo moja mambo mawili yanayoweza kufunguliwa. Unaweza kumwomba mama radhi kwa kumkemea mbele ya kasisi na wageni, na hapo hapo ukabaki na maumivu yako juu ya namna alivyosema. Unaweza hata kumwambia kwamba kilichokuchoma ni lile "huyu", na kumsimulia habari za mwenye duka. Hatari yake ni kwamba huenda akasikia nusu ya kwanza tu, na ukoo ukatangaza kwamba umesalimu amri. Hatari nyingine ni kwamba ataona unamfundisha tena, safari hii kwa sauti ya chini. Ukimtuma mume wako akuzungumzie, mambo yanaweza kupoa haraka, lakini angalia tusije tukapata mtu mwingine anayejibiwa na wengine. Na ukinyamaza mpaka Desemba, kimya kitakaa mezani pamoja nanyi. Wako wanaoweza kula nacho, sijui kama wewe unaweza.

Kuhusu kazi yako, sioni kwa nini uone haya kurudi ofisini. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 54, inampa kila mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa hadhi, na ya kusemeshwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Tazama hayo mawili: kusemeshwa, na kutajwa. Karatasi yako inashughulikia kutajwa. Kusemeshwa hakumo. Wewe uliyesimama dukani ukiwa na miaka saba unalijua hilo kuliko mtu yeyote katika ofisi hiyo, na ningetamani kuona ungeandika nini katika nusu ya pili. Swali la baba yako kuhusu stima nalo halikuwa dhihaka, nadhani. Ibara hiyo hiyo inataka, hatua kwa hatua, angalau asilimia 5 ya nafasi katika vyombo vya umma vya kuchaguliwa na kuteuliwa ziwe za watu wenye ulemavu. Mtu aliyeondolewa kwenye kiti chake na mtambo ana haki ya kuuliza jina jipya limekuja na kiti gani.

Sasa baba mwenyewe. Unasema ulimpigia ukitarajia shukrani. Mwendee, usipige. Kaa naye, na pengine usianze na mama mkwe wala na ubatizo. Kuna mambo ambayo sidhani umewahi kumuuliza: alijisikiaje mwenye duka alipokuwa akimruka? Alipendelea uwe unajibu, au alinyamaza ili usivunjike moyo? Anataka watu wamwite nani, na je, jibu lake ni lilelile kwa mkwe, kwa mjukuu na kwa mgeni? Inaweza kuwa vigumu kusikia. Anaweza kukwambia kwamba kwa miaka mingi alitamani umwachie mkono mapema kidogo. Anaweza pia kusema kitu ambacho wewe na mimi hatujakiwaza.

Na ile insha usiitupe. Mwanao aliandika kwamba babu yake ni kipofu, halafu akaandika kwamba hupata vitu kabla yao. Ametumia neno hilo bila kovu lako na bila kujivuna kwa babu yake. Analitumia kama anavyosema babu ni mrefu. Siku mtakayokwenda, mchukue aende nayo. Babu aliuliza kwa nini mwalimu amemfuta, na kwa kadiri ninavyosoma barua yako hakuna aliyemjibu bado. Mwache mtoto amsomee tena, polepole, afike kwenye ule mstari mwekundu, kisha amuulize babu waandike nini hapo.